Unga wa Njano na Kibao cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama Mkwe amechoka. Hatimaye! Katutangazia asubuhi, sote tumesimama katikati ya karakana, yeye kakaa juu ya gunia la punje za plastiki kama jaji. Kasema magoti yanamsumbua, kelele za mashine zinamsumbua, na sisi wakwe zake tunamsumbua kuliko vyote viwili. Anataka kukaa nyumbani apumzike. Karakana atamwachia msimamizi.

Nikaweka kola sawa. Nani mwingine? Nimeoa binti yake mkubwa. Nimo humu tangu enzi za ndala za rangi moja. Na nina mawazo. Kila mtu anajua kwamba nina mawazo.

Tatizo ni mwanyumba wangu. Kwa asiyejua, mwanyumba ni mwanamume aliyeoa dada wa mke wako, na kazi yake duniani ni kukukera. Wangu huvaa koti jeupe lililopigwa pasi. Kwenye karakana ya sponji! Wafanyakazi wanamwita Daktari. Mimi wananiita Hebu Subiri, kwa kuwa ndivyo wanavyoniambia kila ninapogusa kitu.

Mchana kaja mwalimu wa kuogelea, dada mmoja mwenye filimbi shingoni na sauti iliyokauka kwa kupiga makelele. Anataka vibao vya kuogelea, vile ambavyo mtu asiyejua maji huviegemea huku akipiga miguu. Viwe vyepesi. Viwe vyeupe, avione vizuri majini. Vimbebe mtu mzima. Vile alivyo navyo vinamegeka kama mkate mkavu. Anataka vingi, na akiridhika atawaambia walimu wa mabwawa mengine.

Aliposema "vingi", magoti ya Mama Mkwe yakapona hapo hapo. Kasimama. Kasema kila mkwe atengeneze kibao chake kwa akili yake, na Jumatatu ijayo tunavipeleka bwawani. Mwenye kibao bora ndiye msimamizi.

Mke wangu, ambaye ndiye mkuu wa mauzo, kanivuta pembeni. Kaniomba nifuate vipimo vya kila siku, nisibuni chochote. Masikini. Miaka yote hii na bado hajui ameolewa na mtu wa namna gani.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limekuja nikiwa naoga. Yangu yote huja bafuni.

Sponji ni nini? Ni plastiki iliyomeza hewa. Tunachukua punje, tunazisaga kwenye rola za moto mpaka ziwe donge laini. Tunatia unga wa njano. Donge linaingia kwenye kalibu ya presi, presi inafungwa, linakandamizwa kwa joto. Unga ukishika moto hugeuka gesi. Gesi haina pa kwenda, kwa hiyo inajibanza ndani ya plastiki ikingoja. Presi ikifunguliwa, bamba linaruka nje limeumuka, kubwa kuliko kalibu iliyolizaa, na ndani limejaa vijitundu visivyohesabika, kila kimoja na hewa yake. Ndala yoyote uliyowahi kuvaa ilianza hivyo.

Sasa basi. Hewa ni nyepesi. Unga huleta hewa. Ukitia unga mara mbili, kibao kinakuwa chepesi mara mbili! Jambo la wazi kabisa. Nashangaa hakuna aliyeliona kabla yangu.

Nikatia mara mbili. Kisha nikaongeza konzi moja ya kujitakia heri.

*Jioni.* Sijui nianzie wapi. Presi ilipofunguka ilitoa mlio wa tairi la lori likipasuka. Bamba halikuruka, lilitoroka. Likapiga ukuta, likaangusha saa, likarudi kwa hasira, likamsukuma mwanyumba na koti lake jeupe mpaka ndani ya pipa la masizi tunayotumia kutia rangi nyeusi. Hili la mwisho halikunihuzunisha.

Lilikuwa kubwa kama mlango! Nikanyoosha mikono juu. Nikaanza kusema, "Mnaona..." na hapo hapo likaanza kunywea mbele ya macho yetu. Likajikunja. Likakunjamana. Likaishia kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nikalipasua kwa kisu: mapango matupu. Ngumi yangu iliingia ndani ikapata nafasi ya kugeuka. Karakana nzima ikanuka mkojo wa paka, na wafanyakazi wakatoka nje kwa pamoja, bila hata kuaga.

Mama Mkwe kaja. Kanusa. Kauliza kama hicho ni kibao cha kuogelea au ni nyumba ya popo.

Mwanyumba, mweusi kuanzia kola mpaka magotini, kaeleza kwa upole kwamba unga ukizidi, kuta za vijitundu zinakuwa nyembamba mno na zinapasuka. Upole wake! Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Sikumpeleleza. Nilikuwa nafunga kamba za viatu nyuma ya magunia, na kamba zilikuwa ndefu.

Mwanyumba kapima unga wake wa njano kidogo tu, bahili yule. Kisha katazama kulia. Katazama kushoto. Kachomoa kopo na kutia unga *mweupe*. Ncha ya kijiko, basi.

Unga mweupe unaoumua vitu! Nikasahau kamba za viatu. Unga huo naujua. Mke wangu anao jikoni, rafu ya juu, karibu na chumvi. Soda ya kuumulia keki! Kumbe ndiyo siri yake. Mtu mzima, ana koti, anategemea vitu vya jikoni!

Nikamuuliza mke wangu kwa kuzunguka, asishtuke. Nilianza na hali ya hewa, nikapitia viatu vya watoto, nikafika kwenye unga mweupe. Kasema upo karakana, unaitwa zinki. Wenyewe hauumui kitu. Unausaidia ule wa njano ugeuke gesi mapema, kabla joto halijawa kali. Mwanyumba ndiye aliyemwambia.

Bila shaka ndiye aliyemwambia! Ulitegemea aseme nini? Akiri?

Habari njema: mabamba ya mwanyumba yanaharibika. Yote ya leo yametoka yamepasuka kingo na kuungua rangi ya kahawia. Kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakuna kichwa. Nimekula chakula cha mchana kwa raha ambayo sikuwa nayo tangu Jumatatu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimehamisha soda yote ya jikoni. Kopo nimelijaza unga wa ngano, mke wangu asigundue. Mtu mwenye mawazo lazima awe na mpango pia.

Sikugusa unga wa njano kabisa. Soda tupu. Nikakanda, nikaingiza, nikafunga presi, nikajificha nyuma ya nguzo. Ikafunguka kwa mlio mdogo, kama mtu anayepumua baada ya kuvua viatu vya kubana.

Na bamba!

Jeupe. Jeupe kama shuka mpya. Halina harufu. Ukilibonyeza linakubali, ukiliachia linarudi. Wafanyakazi walikuja kuligusa mmoja mmoja. Mama Mkwe katoka ofisini, kalipapasa kwa kiganja, kaitikia kwa kichwa. Kaitikia kwa kichwa! Mke wangu kasema ni zuri kweli, na katika ndoa yetu neno "kweli" halitoki ovyo.

Mwanyumba naye kaja, koti jipya, bado masizi masikioni. Kaliminya. Kauliza ni unga gani. Nikamwambia ni siri ya kazi. Kaminya tena, kaniuliza kama nimelitia majini.

Nikamjibu kwamba kibao si samaki.

Watu wakacheka. Najua kijicho nikikiona. Kwanza kwa nini nililoweshe? Lipo moja tu, na limependeza.

Jioni keki ya mke wangu imegoma kuumuka. Imetoka kama kigae cha sakafu. Nimelilaumu jiko.

Jumamosi, 8 Machi

Sina raha. Mwanyumba hakati tamaa. Jana kutwa kapasua mabamba, kayatupa, kayachanganya upya. Watu wa namna hii ni hatari. Unawaza wameshindwa, kumbe wanajaribu tena.

Leo ilikuwa zamu yake ya mwisho ya presi kabla ya Jumatatu. Nikakumbuka swichi ya joto. Ipo nyuma ya presi, chini ya kifuniko cha bati, namba zake zimefutika, haijaguswa tangu fundi umeme aifunge. Nikawaza: joto likipungua, unga wake hautageuka gesi. Bamba litatoka limelala, bapa, la njano, zito kama mlango wa gereza. Na nani atajua?

Nikawahi kabla ya wote. Nikainua bati. Nikarudisha swichi nyuma kidogo. Nikaongeza kidogo tena. Nikafunika. Nikakaa mbali nikipiga mluzi.

Mwanyumba kafunga presi. Tukangoja. Kafungua.

Bamba likaruka juu, likatua mezani, likatulia. Limeumuka sawasawa pembe zote. Kingo safi. Halijaungua popote. Jeupe lenye umanjano kidogo sana, kama jino la mtu mwenye afya. Vijitundu vidogo, vimepangana, huvioni mpaka usogeze jicho.

Sikuelewa. Nikaelewa. Nikatamani kutoelewa.

Kumbe ile zinki ni zinki kweli. Kumbe ilikuwa inaamsha unga mapema, na joto letu lilikuwa kali mno kwake, ndiyo maana kila bamba lilipasuka na kuungua. Alichokosa mwanyumba wiki nzima ni mtu mmoja wa kumpunguzia joto. Na mtu huyo ni mimi!

Kanikumbatia. Kanikumbatia mimi! Kasema hajui kilichotokea, labda presi imemwonea huruma. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikampigapiga mgongoni. Nilitaka kuuma kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nimejifunika taulo.

Tulifika bwawani mapema, sisi wakwe wawili, mke wangu na Mama Mkwe. Vigae vinateleza, harufu ya dawa ya maji inapanda puani, mwalimu ameshikilia filimbi. Nikatoa hotuba fupi juu ya weupe na wepesi. Niliona inaendelea vizuri. Mwalimu kasema atamwita mwanafunzi wake avijaribu vibao.

Mama Mkwe kakataa. Kila ndala mpya ya karakana yetu huvaa yeye kwanza, siku nzima, kabla haijatoka mlangoni. Kasema hauzi kitu ambacho mwili wake haujakijaribu, na hataanza leo. Kaingia chumba cha kubadilishia.

Katoka amevaa nguo ya kuogelea ya kuazima, inayofika magotini na viwikoni, na kofia ya mpira. Mimi na mwanyumba hatukujua tutazame wapi. Mama mkwe ni mama mkwe! Mwanyumba katazama viatu vyake. Mimi nilitazama paa, nikalijua vizuri sana lile paa.

Maisha yake yote hajawahi kuingia maji yanayopita kifundo cha mguu. Mwalimu kamshika mkono, wakashuka ngazi. Nikampa kibao changu kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Egemea tu, Mama," nikamwambia.

"Kitanibeba?"

"Mama, hiki kingebeba ng'ombe."

Kaegemea. Kikambeba. Kwa muda wa mtu kupiga chafya, kilimbeba.

Kisha vipovu vikaanza kutoka pembeni. Kibao kikatoa sauti ya mtoto anayenyonya. Kikawa kijivu. Kikawa kizito. Kikaanza kuzama taratibu, kwa heshima zote, na Mama Mkwe kazama nacho, amekishika, ananitazama. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Vitu vya mwisho kuzama vilikuwa macho yake.

Nilijitupa majini na nguo zangu. Nikateleza kwenye ngazi, nikafika chini kabla yake. Mwalimu katuinua wote wawili, mimi kwa kola, yeye kwa kwapa. Maji yalikuwa ya kiunoni.

Mama Mkwe kasimama, maji yanamchuruzika kwenye kofia.

"Mkwe wangu."

"Naam, Mama."

"Ng'ombe gani?"

Nikalitazama tena lile paa. Mwalimu kajaribu kuinua kibao changu, kashindwa kwa mkono mmoja. Kilikuwa kimekunywa maji ya kutosha kuoshea gari.

Mwanyumba kachuchumaa ukingoni, kakiminya, kauliza kwa upole, "Mwanyumba, hii ni soda?"

Nikaanza kukamua shati. Basi kaanza kumweleza mwalimu, mbele yangu, nikiwa nadondosha maji. Kasema soda nayo hutoa gesi, tena safi, haina harufu, ina kazi zake nyingi. Lakini hutoa na mvuke wa maji, na vijitundu hupasukiana ndani kwa ndani. Unga wa njano hukujengea vyumba vilivyofungwa, maji hayapiti. Soda hukujengea nyumba yenye milango wazi yote, maji yanaingia sebuleni na kuzunguka mpaka jikoni. Mwalimu kasema sasa ameelewa. Hakuna aliyemwomba aelewe.

Mama Mkwe kasema lete kingine. Sote tukamsihi atoke, apumzike. Mke wangu alikuwa karibu kulia. Mama Mkwe kasema tena, lete.

Kashika kibao cha mwanyumba. Kaegemea. Kikakaa juu ya maji kama kimezaliwa hapo. Mwalimu kamwambia apige miguu. Kapiga, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu. Kasogea. Mwalimu kamwachia taratibu bila kumwambia. Akaenda! Kavuka bwawa lote, upande kwa upande, huku maji yanaruka nyuma yake kama boti dogo.

Alipogusa ukuta wa pili, kacheka. Sijawahi kumsikia Mama Mkwe akicheka vile. Kicheko cha msichana aliyetoroka darasani. Kageuka, kaanza kurudi, bado anacheka, anameza maji, anacheka.

Mke wangu kanishika mkono uliolowa. Kaniambia tangu baba yao afariki hajamwona mama yake akicheka mpaka meno ya nyuma. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta.

Na mimi macho yalinitoka maji. Ile dawa ya bwawa ni kali.

Jumanne, 11 Machi

Mimi si mtu wa kukaa kimya huku naonewa. Nimefikiri wakati nikioga. Kibao cha mwanyumba kilifaulu kwa sababu ya joto. Joto lilipunguzwa na nani? Na mimi. Basi kibao kile ni nusu yake na nusu yangu, na kwa haki kabisa usimamizi ugawanywe.

Mama Mkwe katuita ofisini sote wawili, na mke wangu. Kabla hajafungua kinywa, nikasimama.

"Mama, kuna jambo lazima ulijue. Joto la presi siku ile ya Jumamosi, nililipunguza mimi."

Mwanyumba kageuka. "Wewe?"

"Mimi. Kwa mkono wangu huu. Ndiyo maana bamba lako halikuungua."

Nikangoja shukrani. Mama Mkwe kavua miwani, kaifuta taratibu kwa upindo wa nguo yake.

"Ulijua kwamba joto lilikuwa limezidi?"

"Hapana, Mama."

"Mwenzio alikuomba ulipunguze?"

"Hapana, Mama."

"Basi ulilipunguza kwa nini, mkwe wangu?"

Ofisi ile ni ndogo. Feni ilikuwa inazunguka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

Mke wangu kafumba macho. Mwanyumba kanitazama kwa muda, na uso wake ulibadilika polepole, kama taa inayofifia umeme ukipungua.

"Mwanyumba," kasema, "ulitaka kiniharibikie?"

Hakupaza sauti. Kauliza tu, kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikahisi kitu kimenibana kifuani. Nadhani ni kiungulia. Nikasema kwamba sikutaka kiharibike *sana*.

Nikakaa.

Mama Mkwe karudisha miwani usoni. Kasema alituita kutuambia jambo moja tu. Hapumziki tena. Karakana hampi mtu yeyote. Magoti yake yalimuuma kwa sababu alikuwa hajui kazi yake nyingine, ya kupiga maji, na sasa ameijua. Kila asubuhi atakwenda bwawani kwanza, kisha atakuja kazini. Mwanyumba ashike mchanganyiko na presi. Mimi nikakate na kufunga mizigo, chini ya mke wangu. Ufunguo wa stoo ya unga, wa njano, mweupe, wa rangi yoyote ile, utakaa shingoni mwa Mama Mkwe.

Kisha kaniambia nitoke, nimwache azungumze na mwanyumba wangu.

Nimesimama uani kwa muda mrefu. Mwanyumba alipotoka, nikamwambia kwamba koti lake limepigwa pasi vizuri leo. Kanitazama. Kasema ahsante. Kapita.

Lakini tuangalie upande wa pili: yeye hakupata usimamizi! Mimi sikupata, na yeye hakupata. Kwa hesabu yoyote, hiyo ni sare.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu amejua habari ya kopo la soda. Jana usiku kaoka keki tena, imetoka kigae tena, kaonja unga wa kopo kwa ncha ya ulimi. Kisha kaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni. Nikalilaumu jiko. Kaendelea kusimama. Nikaacha kulilaumu jiko.

Kasema angeweza kunisamehe kumzamisha mama yake, kwa kuwa maji yalikuwa ya kiunoni. Angeweza kunisamehe la presi, siku moja, nikimwomba mwanyumba radhi kama mtu mzima. Lakini keki mbili!

Adhabu yake imekuwa mbaya kuliko makelele. Kachukua kibao changu cheupe, kazi ya mikono yangu, kakikata vipande kwa kisu cha nyanya, kaoshea masufuria. Mbele yangu!

Na kinaosha. Hilo ndilo linalonikera. Kile kibao kinanyonya maji na sabuni, ukikiminya kinayaachia, kinaingia kwenye kona za sufuria ambazo kitambaa hakifiki. Kaosha vyombo vyote, kaosha na sinki, kakigeuzageuza kipande mkononi. Leo asubuhi kakipeleka kwa Mama Mkwe. Kufikia mchana imeamuliwa. Karakana itatengeneza sponji za kuoshea vyombo, kwa soda, kwa makusudi. Milango iliyo wazi, kasema mwanyumba, safari hii ndiyo inayotakiwa. Mke wangu ndiye atakayeongoza kazi hiyo. Wote wakampongeza.

Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama jina langu litatajwa popote. Mke wangu kasema hana shida, nisimame tu mbele ya wafanyakazi niwaeleze soda ya kwanza niliipata wapi na kopo nililijaza nini.

Nikasema jina si muhimu.

Sijamwomba mwanyumba radhi bado. Nangoja siku ambayo hatakuwa mpole.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimeokoa karakana. Hakuna anayejua bado, ndiyo maana nina furaha.

Tangu asubuhi presi inatema vibao vya mwalimu wa kuogelea. Mabamba yanaruka, mwanyumba anayapanga mezani, mimi nasimama na mashine ya kukatia nikingoja kama mgeni aliyesahauliwa. Mchana Mama Mkwe alikuwa bado hajarudi kutoka bwawani, mke wangu kaenda kwa wateja, na mwanyumba katoka kufuata punje. Kabla ya kuondoka kaniambia, bila kunitazama sana, nisikate hata bamba moja mpaka kesho. Kasema bamba la moto huendelea kusinyaa kadiri linavyopoa, kwa hiyo liachwe lilale, likishatulia ndipo likatwe kwa kipimo.

Mpaka kesho! Mzigo wote huu umekaa tu, na mwalimu anakuja kuuchukua asubuhi!

Nikachukua futi. Nikapima bamba. Linatosha kabisa, tena linabaki. Nikapima jingine. Vilevile. Nimeshika futi mkononi, naona kwa macho yangu, halafu niambiwe linasinyaa? Mtu mwenye koti hupenda kufanya kila jambo lionekane gumu. Na nikawaza: hii ndiyo njia ya kumwomba mwanyumba radhi kwa vitendo. Arudi akute kazi yake na yangu zote zimekwisha.

Nikakata yote. Kila bamba, lingali na joto, kwa kipimo kile kile alichotupa mwalimu, bila kubakiza. Vipande vya pembeni nimevitupa, visilete uchafu. Mke wangu kapiga simu kuuliza kama kuna lolote. Nikamwambia kuna jambo zuri linamngoja. Kauliza nimegusa nini. Nikacheka, nikakata simu.

Sasa vyote vimepangwa mlangoni, safu kwa safu, ili kesho Mama Mkwe akifungua avione kabla ya kitu kingine chochote. Nimekaa navitazama. Vimependeza. Vile vya safu ya kwanza, nilivyovikata mapema, vinaonekana vidogo kidogo kuliko hivi vya mwisho.

Ni mwanga wa jioni tu huu, unadanganya macho.